Biodizeli ya Kupika Nyumbani na Kodi ya Mafuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa mwenye gari, jenereta au mashine ya kusaga anayepika biodizeli kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, na kuitumia mwenyewe. Kodi imetangulia kwa sababu ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu. Upishi wenyewe umefuata, na huko ndiko wengi wanakopatia hasara.

Nikijaza dizeli kituoni, ndani ya lita moja nalipa kodi zipi?

Kubwa ni hizi, kwa viwango vya 2023. Ushuru wa bidhaa ni shilingi 255 kwa lita ya dizeli. Ulikuwa 215 hadi bajeti ya 2017 ilipouongeza kwa 40. Tozo ya mafuta, ambayo wengi huiita tozo ya barabara, ilipanda mwaka 2021 kutoka 313 hadi 413, na ile 100 ya nyongeza ikaelekezwa kwenye barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tozo ya petroli (ni jina tu, dizeli nayo huilipa) ni 100 tangu 2015, nayo huenda kwenye nishati vijijini. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Hizo peke yake zilifika shilingi 868 kwa lita, kabla ya tozo ndogondogo za bandarini na za taasisi.

Viwango huguswa mara nyingi bajeti mpya inapoanza Julai. Kabla ya kupiga hesabu yoyote, soma jedwali la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, linalotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Arusha na Moshi zina bei kikomo zake, na kwa kawaida bei za kanda hii hufuata mzigo ulioshushwa Tanga.

Fedha hizi hukusanywa mafuta yanapoingia nchini, si pale pampuni. Mwenye kituo cha Sakina au Kiborloni amekwisha kuzilipa ndani ya bei aliyonunulia. Ndiyo maana mpika biodizeli haoni mtu akija kumdai: njia ya ukusanyaji haipiti nyumbani kwake. Lakini kutopitiwa na mkusanyaji si kusamehewa.

Basi kila lita ninayopika naokoa hiyo 868?

Hapana. Lita ya biodizeli ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 hadi 9 ukiilinganisha na lita ya dizeli. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita litakwenda 9 na kidogo.

Kubwa zaidi ni methanoli, pombe ya viwandani inayogeuza mafuta ya kula kuwa biodizeli. Kwa lita 100 za mafuta machafu unatumia lita 22 za methanoli, na unatoka na kama lita 92 za biodizeli safi. Kila lita, basi, imebeba karibu robo lita ya methanoli. Bei ya methanoli ikipanda kwa shilingi 1,000, biodizeli yako imepanda kwa 240. Na methanoli hiyo umeilipia VAT ya asilimia 18, kwa hiyo hata neno "bila kodi" si la kweli.

Anayenunua methanoli kwa chupa za maabara za lita mbili na nusu anapika mafuta ghali kuliko ya kituoni, hata kama mafuta ya chipsi anapewa bure. Hesabu huanza kukaa sawa kwenye pipa la lita 200, na pipa hilo lina masharti yake, tutayafikia.

Rodi laisensi ilishafutwa. Ina uhusiano gani na mimi?

Mkubwa sana. Ada ya mwaka ya gari ilifutwa mwaka 2017, na pengo lake likazibwa na ile shilingi 40 iliyoongezwa kwenye ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa. (Mafuta ya taa yalijumuishwa ili isiwe rahisi kuyachakachulia dizeli.) Tangu hapo mchango wa mwenye gari kwa barabara unapita kwenye lita. Anayetembelea biodizeli yake tupu anakwenda Moshi na kurudi Arusha bila kuchangia barabara hiyo kupitia mafuta.

Tunalisema wazi kwa sababu wapikaji wengi hulikwepa. Ukilielewa, utaelewa pia kwa nini ofisa wa kodi ana haki ya kukuuliza maswali, na kwa nini ni vizuri uwe na majibu yaliyoandikwa.

Nimesoma kwamba lita 2,500 kwa mwaka hazitozwi kodi. Ni kweli?

Ni kweli Uingereza. Tangu 30 Juni 2007, huko anayezalisha chini ya lita 2,500 za nishatimimea kwa mwaka halipi ushuru wa mafuta wala hahitaji kujisajili kwa ajili hiyo, ila atunze kumbukumbu. Maelezo hayo yamejaa intaneti, na watu huyasoma kana kwamba yametungwa Dodoma.

Kwetu, Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba msamaha nao hutolewa kwa sheria au tangazo la serikali. "Natumia mwenyewe" ni maelezo mazuri ya kumpa ofisa, lakini si kifungu. Kiwango cha Uingereza kichukue kama kipimo cha ukubwa tu: gari la nyumbani linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, kilomita 10 kwa lita, linakula lita 1,500. Ukiona pipa lako linatoa lita 6,000 kwa mwaka, jiulize zinakwenda wapi, maana na mwingine atauliza.

Nitapataje jibu la uhakika kuhusu kesi yangu?

Andika barua kwa ofisi ya TRA ya mkoa wako. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kutoa uamuzi wa maandishi kwa mlipakodi mmoja juu ya jambo lake mahususi. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia miaka mitatu baadaye.

Barua iwe fupi lakini kamili: jina na TIN yako, mahali pa kupikia, aina ya mafuta unayotumia na unakoyapata, lita unazotarajia kwa mwezi, namba za magari au aina ya mashine zitakazotumia, na tamko kwamba huuzi. Kisha uliza kwa kutaja namba za forodha, kwa sababu ofisa wa ushuru hufanya kazi kwa namba. Biodizeli tupu iko chini ya 3826.00, pamoja na michanganyiko yenye mafuta ya petroli (yaani ya kisimani, dizeli ikiwemo) chini ya asilimia 70 kwa uzito. Mchanganyiko wenye mafuta hayo asilimia 70 au zaidi uko 2710.20. Kwa hiyo B20, yaani sehemu 20 za biodizeli na 80 za dizeli, haiko kwenye kundi moja na B100, yaani biodizeli tupu. Uliza juu ya vyote viwili: je, kinatozwa ushuru wa bidhaa ninapokizalisha kwa matumizi yangu, na je, nahitaji leseni ya mzalishaji?

Peleka nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Vinasaba je? Wakipima tangi langu wataona nini?

Vinasaba ni kemikali inayotiwa kwenye mafuta ya soko la ndani ili kuyatofautisha na ya kwenda nje au yenye msamaha. Kazi hiyo sasa iko chini ya TBS, shirika la viwango. Biodizeli yako haina vinasaba hata chembe, kwani haikupita ghalani. Ukichanganya lita 20 za biodizeli na lita 80 za dizeli ya kituoni, vinasaba vinashuka hadi asilimia 80 ya kiwango chake. Kwa mashine ya kupimia, hiyo ni sura ileile ya dizeli iliyochakachuliwa.

Kwa hiyo weka risiti za EFD za dizeli uliyochanganyia, na changanya ndani ya tangi la gari, si kwenye pipa la uani. Pipa la lita 200 lenye mchanganyiko, bila karatasi yoyote, ni picha mbaya.

Naweza kumuuzia jirani? Au anichangie gharama tu?

Usifanye. Kuuza mafuta bila leseni ya EWURA ni kosa, na "kuchangia gharama" ni kuuza kwa jina la upole. Zaidi ya hilo, gari la jirani likiua pampu ya nozeli, huna cheti cha ubora cha kuonyesha. Hata dumu moja la zawadi kwa shemeji tunalishauri libaki nyumbani. Msimamo wetu ni huu, na hatuulegezi: lita iliyopikwa uani itumike na aliyeipika.

Nina mashine ya kusaga na jenereta tu, haviendi barabarani. Hapo je?

Hoja yako ina uzito, kwa sababu tozo ya barabara kwa mashine isiyogusa barabara ni jambo la kujadiliwa. Lakini angalia kituoni: hakuna pampu ya wakulima yenye dizeli ya bei pungufu. Dizeli ya injini ya Lister inayosaga mahindi Himo ina tozo sawasawa na ya basi. Kwenye barua ya TRA eleza matumizi haya peke yake, usiyachanganye na ya gari.

Kiufundi, mashine ya aina hii ndiyo mahali bora pa kuanzia. Injini ni ya kizamani, inazunguka taratibu, na ikizima hauko katikati ya mlima Kitonga.

Tuna loji na magari ya watalii. Mafuta ya jikoni kwetu ni bidhaa yetu. Hiyo ni matumizi binafsi?

Ni matumizi ya kampuni, na kampuni ina vitabu. Risiti za methanoli, kostiki (soda kali ya watengeneza sabuni) na umeme ziingie kwenye hesabu kama gharama nyingine. Kampuni ionyeshe pia lita zilizoingia kwenye kila gari, la sivyo mkaguzi ataona magari yanatembea bila mafuta kununuliwa na ataanza kutafuta mauzo au manunuzi yaliyofichwa. Hapa barua ya TRA iwe ya kwanza, kabla hata ya kununua pipa.

Daftari liandikwe vipi?

Kwa kalamu, kurasa zenye namba, mstari mmoja kwa kila upishi. Mfano wa mstari uliokamilika:

4 Machi. Mafuta ya chipsi lita 40, banda la Kaloleni. Kipimo cha asidi 2.5. Kostiki gramu 300. Methanoli lita 8.8. Biodizeli iliyotoka lita 37. Gliserini (masalia mazito ya upishi) lita 9. Lita 25 zimeingia kwenye gari, kilomita 182,440. Lita 12 zimebaki ghalani.

Daftari hili linajibu TRA, linajibu fundi, na linakujibu wewe upishi ukiharibika. Asiyeandika kipimo cha asidi hatajua kamwe kwa nini pipa la wiki iliyopita lilikubali na la leo limegoma.

Methanoli napata wapi, na kuna ruhusa?

Kwa wauzaji wa kemikali za maabara na viwanda. Kemikali za viwandani ziko chini ya Sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Nenda pale kabla ya kununua pipa, uliza usajili na masharti ya kuhifadhi. Muuzaji makini atakudai karatasi hizo, na asiyedai chochote, ogopa anachokuuzia.

Methanoli si spiriti ya kawaida. Mililita chache zikinywewa hupofusha macho, na zikizidi hapo kidogo tu huua. Huingia pia kwa mvuke na kwa ngozi. Ina harufu ya pombe, kwa hiyo chombo kiwe na alama ya sumu, kiwe kimefungwa kwa kufuli, na kamwe isiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Moto wake mchana hauonekani vizuri. Mtu anaweza kuungua kabla hajajua kuna moto. Jiko la mkaa, sigara na swichi inayotoa cheche visikaribie.

Nianze na mafuta gani?

Yaliyokaanga chipsi au sambusa ni bora kuliko ya kuku na samaki, ambayo huwa na maji na asidi nyingi. Chuja kwa kitambaa, yaache yatulie siku mbili tatu mahali pa joto, kisha mimina ya juu na uache matope chini. Dondosha tone kwenye kikaango cha moto: likipigapiga, bado kuna maji. Pasha hadi nyuzi 110 mpaka mlio uishe. Maji ndiyo adui namba moja, kwa sababu yakikutana na kostiki na mafuta unapata sabuni badala ya biodizeli.

Asidi inapimwaje bila maabara?

Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa (yale ya betri yanafaa, lakini siyo asidi ya betri). Chukua mililita 10 za isopropanoli (aina ya spiriti), ongeza mililita 1 kamili ya mafuta yako, tikisa mpaka yayeyuke. Tia matone mawili ya fenolftaleini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha. Kisha ongeza maji ya kostiki kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 15 bila kupotea. Mililita ulizotumia ndiyo gramu za ziada kwa kila lita.

Fenolftaleini ikikosekana, manjano ya jikoni yanafanya kazi. Koroga kijiko cha chai kwenye isopropanoli, acha itulie, tumia maji ya juu. Njano ikigeuka nyekundu ya matofali, umefika. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nusu mililita, sindano yako ndiyo yenye makosa.

Ikizidi 5, yaache mafuta hayo au yachanganye na mazuri. Yatakula kostiki nyingi na kukuachia sabuni.

Vipimo vya upishi mmoja ni vipi?

Kostiki ya kawaida ya watengeneza sabuni: gramu 5 kwa lita, jumlisha kipimo cha asidi. Kwa kipimo cha 2.5 ni gramu 7.5 kwa lita, na lita 40 zinataka gramu 300. Ukitumia potashi kostiki anza na gramu 7 kwa lita, na maji ya kupimia asidi yawe ya potashi pia. Methanoli asilimia 22 ya ujazo wa mafuta. Kostiki iwe kavu inayomwagika. Iliyoshikana mabonge imekwisha kunyonya unyevu wa hewa, na uzito unaoupima ni wa maji.

Anza na lita moja kwenye chupa ngumu kabla ya kugusa pipa. Kisha:

Ukiwa nje, na glavu na miwani ya kinga, tia kostiki kidogo kidogo ndani ya methanoli, kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko. Itapata joto. Tikisa mpaka chembe zote ziishe. Usitumie kamwe sufuria ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, tena karibu na methanoli. Ndoo ya bati nayo haifai.

Pasha mafuta hadi nyuzi 50 hadi 55 kwa hita ya umeme, si kwa moto, kisha uizime. Hapa jiografia inaingia. Vitabu vinasema methanoli huchemka nyuzi 64.7, lakini hiyo ni Dar es Salaam, usawa wa bahari. Arusha, mita kama 1,400 juu, inachemka karibu na 60. Moshi karibu na 62. Anayefuata maelekezo ya kigeni na kupandisha hadi 60 anapoteza methanoli hewani na kujaza chumba mvuke unaowaka.

Mimina mchanganyiko taratibu, zungusha kwa pampu au koroga saa moja hadi mbili, chombo kikiwa kimefungwa ila na bomba la kupumulia linalotoka nje. Acha hadi kesho yake. Gliserini nyeusi kama asali itakuwa imezama. Ifungulie kwa koki ya chini mpaka rangi ibadilike.

Asubuhi nimekuta uji mzito, hakuna tabaka. Kulikoni?

Sabuni. Ama mafuta yalikuwa na maji, ama kostiki ilizidi. Usiongeze kostiki nyingine. Pasha polepole hadi 50, acha siku mbili, wakati mwingine hugawanyika. Isipogawanyika, ni malighafi ya sabuni ya kufulia, na daftari litakuonyesha kosa liko wapi.

Tabaka likiwepo lakini gliserini ikiwa kidogo mno, chini ya asilimia 15 ya mafuta uliyoanza nayo, kostiki ilipungua au ilikuwa imezeeka.

Kuosha kuna lazima?

Kwa injini unayoipenda, ndiyo. Tumia maji ya uvuguvugu, theluthi ya ujazo wa biodizeli. Mara ya kwanza nyunyiza kama manyunyu, usikoroge, maana sabuni iliyobaki itafanya kila kitu kiwe maziwa. Toa maji, rudia. Mara ya tatu au ya nne maji hutoka safi kama yalivyoingia. Maziwa yakitokea, maji ya moto yenye chumvi husaidia kuyavunja.

Kisha kausha: pasha hadi 55 na izungushe ikiwa wazi, mbali na nyumba, au iweke kwenye beseni pana juani. Iweke kwenye chupa ya kioo na weka gazeti nyuma yake. Ukisoma maandishi madogo bila ukungu, imekauka.

Nitajuaje kama mafuta yote yamegeuka?

Mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, nyuzi kama 20, tikisa, subiri nusu saa. Ikiwa safi kabisa, vizuri. Tone la mafuta likizama chini, kuna mafuta mabichi. Pika tena kwa methanoli na kostiki kidogo. Mafuta mabichi ndiyo yanayogandisha masizi kwenye nozeli.

Mwezi wa saba gari haliwaki asubuhi. Biodizeli imeharibika?

Imeganda. Mafuta mengi ya kukaangia ya bei nafuu ni ya mawese, na biodizeli ya mawese huanza kuweka ukungu wa nta kati ya nyuzi 13 na 16. Usiku wa Juni na Julai Arusha, achilia mbali Ngaramtoni au Machame juu, hushuka hapo na chini yake. Nta inaziba filta, injini inakohoa na kuzima. Ya alizeti huvumilia hadi karibu na sifuri.

Jaribu mwenyewe: weka kichupa nje usiku, kitazame saa kumi na mbili asubuhi. Kikiwa na mawingu, shusha hadi B20 kwa miezi ya baridi, au tumia alizeti. Moshi mjini tatizo hili ni dogo.

Gari gani linafaa?

Injini za pampu ya kizamani: 1HZ ya Land Cruiser, 2L na 3L za Hilux, 300Tdi ya Land Rover. Zile za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo), kama D-4D za Toyota, zina nozeli zenye matundu membamba na shinikizo kubwa mno. Biodizeli ya uani isiingie humo.

Biodizeli huvimbisha mipira ya asili na ya nitrili. Badilisha mipira ya mafuta kwa ya viton, aina inayostahimili biodizeli, mapema, na angalia sili za pampu zikianza kulowa. Vilevile husafisha matope ya miaka kwenye tangi na kuyapeleka kwenye filta. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo tembea na filta ya akiba na spana yake. Wengi huja wakilaumu biodizeli, kumbe ni uchafu wa dizeli ya zamani.

Usiihifadhi zaidi ya miezi mitatu hadi sita. Jaza chombo pomoni, weka gizani, epuka shaba.

Gliserini na maji ya kuoshea nimwage wapi?

Si mtaroni, si mto Themi, na si kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa mlimani. Maji ya mfongo wa Machame au Kibosho yanakwenda kunywewa na ng'ombe wa mtu na kumwagilia mboga za mwingine. Gliserini ina methanoli ndani. Ipashe nje, mahali penye upepo, ukiwa mbali, mpaka mvuke uishe, kisha itengenezee sabuni kwa kostiki ya ziada. Iliyopikwa kwa potashi inafaa kwenye mboji kwa kiasi kidogo. Maji ya kuoshea yaache kwenye pipa, engua mafuta ya juu, punguza ukali kwa siki, na yamwage kwenye shimo lililo mbali na kisima.

Mbono kaburi je? Kwetu Engaruka ni uzio.

Mafuta yake yanafaa kwa biodizeli, lakini unahitaji kama kilo nne za mbegu kwa lita moja, na mbegu zilizokaa huwa na asidi nyingi. Kuokota na kukamua ndiko kunakula faida. Mashudu yake ni sumu, mifugo isipewe.

Naweza kuvuka Namanga au Holili nikiwa nayo?

Iliyo ndani ya tangi la gari ni mafuta ya safari. Dumu kwenye buti ni bidhaa inayovuka mpaka, na forodha watakuuliza cheti, namba ya bidhaa na risiti. Madumu yaache nyumbani, uende na tangi lililojaa.